Nyama Kabla ya Moto: Jina la Bratwurst Lilivyonisumbua

Siku ya soko katika uwanja wa Domplatz mjini Erfurt, Ujerumani, moshi wa mkaa huanza kupanda mapema asubuhi, na mtu anayeshuka ngazi za kanisa kuu husikia harufu ya nyama kabla hajaliona jiko lenyewe. Asubuhi hiyo nilikuwa mkalimani wa ugeni wa walimu sita kutoka Tanga. Tulisimama mbele ya gari la mwenye bucha mmoja mzee, ambaye alikuwa akigeuza soseji ndefu juu ya wavu kwa koleo, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye wenzake wote walimwita Bi Mwalimu, alinigusa bega.

"Mwanangu, hiki wanachokichoma wanakiitaje?"

"Wanakiita Bratwurst, Bi Mwalimu. Maana yake ni soseji ya kuchoma."

"Kuchoma nakuona kwa macho yangu. Nauliza, ni nyama ya nini?"

Nilimwambia ni nyama ya nguruwe. Akanishukuru, akarudi nyuma hatua mbili, akaenda kununua matufaha kwenye meza ya jirani. Mwenye bucha, aliyekuwa akitutazama muda wote huo, aliniuliza kwa Kijerumani nilikuwa nimewaeleza nini wageni wangu. Nilipomrudia maneno yangu, alitikisa kichwa pasipo hasira, akaliweka koleo kando, kisha akanionyesha sinia lililokuwa nyuma ya kioo, limejaa nyama mbichi iliyosagwa, yenye rangi ya waridi.

"Brat haitoki kwenye moto," alisema. "Brat ni hii."

Wageni walikuwa wananisubiri, basi nikamshukuru na kuondoka. Lakini maneno yake yaliniganda wiki tatu nzima.

Sikio langu lilikuwa na sababu

Sikuwa nimekisia tu. Mtu yeyote aliyejifunza Kijerumani anakijua kitenzi *braten*, ambacho hutumika kwa kukaanga kwenye kikaango, kwa kuoka nyama kwenye joko, na kwa kuchoma juu ya mkaa. Kitenzi hicho kimezaa maneno mengi ya jikoni: *Bratkartoffeln* ni viazi vya kukaanga, *Brathähnchen* ni kuku wa kuoka au wa kuchoma, *Bratapfel* ni tufaha lililookwa, na *Bratpfanne* ni kikaango chenyewe. Kijerumani huunganisha shina la kitenzi na jina la kitu bila kutia chochote katikati, kwa hiyo anayeliona neno *Bratwurst* amesimama kwenye mstari mrefu wa maneno yanayofanana nalo, na mstari wote unamwelekeza kwenye jiko.

Tena Wajerumani wenyewe wanalisikia hivyo. Niliwauliza wenzangu kazini, mmoja mmoja, bila kuwaambia sababu. Wote walinijibu kwa mshangao kidogo, kama mtu anavyojibu swali ambalo jibu lake liko wazi: ni *Wurst*, yaani soseji, ya *braten*, ingekuwa nini kingine?

Kwa hiyo upande mmoja kulikuwa na mwenye bucha na sinia lake, na upande wa pili kulikuwa na kila mtu mwingine.

Sinia la nyama mbichi

Kamusi za asili ya maneno zilisimama upande wa mwenye bucha.

Katika Kijerumani cha kale, kile kilichoandikwa kati ya karne ya 8 na ya 11, kulikuwa na nomino *brāt*, yenye irabu ndefu, iliyotaja nyama tupu, nyama iliyotengwa na mifupa na mafuta. Nomino hiyo ndiyo iliyoingia katika *brātwurst*. Ilikuwa Wurst ya nyama nzuri, si ya damu, si ya maini, si ya mabaki ya ndani ambayo soseji nyingine zilitengenezewa. Waliolitoa jina walikuwa wanatazama kilichomo ndani, na kama soseji hiyo ingechomwa, ingechemshwa au ingekaushwa, hilo halikuwa shauri la jina.

Nomino hiyo haikufa. Imejificha katika neno *Wildbret*, ambalo ni nyama ya mnyama wa mwituni aliyewindwa. Msomaji wa leo akiliona *bret* mwishoni mwa neno hilo anaweza kudhani kuna ubao, kwa sababu ubao ni *Brett*, lakini ni *brāt* ileile ya zamani iliyobadilika irabu. Tena imebaki hai kabisa katika lugha ya mabucha, ambako nyama iliyosagwa na kukolezwa chumvi, ikiwa bado haijatiwa katika utumbo, huitwa *Brät* mpaka leo. Fundi wa soseji hulitamka neno hilo kila asubuhi anaposafisha mashine yake. Wateja wengi hulipita tu kwenye karatasi ya viambato bila kulitafakari.

Nililisoma jambo hili usiku, na nakiri kwamba sikufurahi. Nilikuwa nimefanya kazi ya ukalimani kwa miaka mingi, nikiamini kwamba neno nililolifahamu tangu mwezi wangu wa kwanza Ujerumani halina siri yoyote iliyobaki. Mtu hulichunguza neno gumu; lile jepesi hulitoa mdomoni kama alivyolipokea. Nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine niliyoyapitisha hivyo hivyo, katika hospitali na mahakamani, mahali ambapo kosa halimalizikii kwenye tabasamu la mwenye bucha.

Groshi moja ya Arnstadt

Arnstadt ni mji mdogo ulio kilomita 20 hivi kusini mwa Erfurt. Kwa watu wa Thüringen ni mji wenye heshima ya pekee, kwa sababu hati ya zamani kabisa inayotaja bratwurst ya jimbo hilo ilitoka katika nyumba ya watawa wa kike ya mji huo. Ni hesabu ya matumizi ya mwaka 1404, na mstari wenyewe ni mfupi: *1 gr vor darme czu brotwurstin*. Yaani groshi moja, sarafu ya wakati huo, imelipwa kwa ajili ya utumbo wa kutengenezea bratwurst.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko nilivyosoma baadhi ya barua nilizoandikiwa.

Kwanza ni tahajia yake. Mwandishi wa hesabu aliandika *brot*, si *brat*, kwa sababu irabu ile ndefu ya zamani ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa o katika matamshi ya sehemu hizo. Leo *Brot* ni mkate. Mtu asiyejua angeweza kuuona mkate ndani ya jina hilo, kama mimi nilivyouona moto. Pili ni kile kilicholipiwa. Hati hii kongwe haisemi lolote kuhusu mkaa, wala wavu, wala mchomaji. Inasema utumbo ulinunuliwa, na utumbo hununuliwa na mtu ambaye nyama yake iko tayari mezani inasubiri kujazwa.

Miaka 28 baadaye, mwaka 1432, mji wa Weimar ulitoa kanuni iliyowataka watengenezaji wa soseji za Thüringen watumie nyama safi isiyoharibika, na aliyeikiuka alitozwa faini ya pfennig 24. Hapo tena shauri lilikuwa lilelile la Bi Mwalimu: ni nyama ya nini, na ni nyama ya namna gani? Hata katika zama zetu hizi, Umoja wa Ulaya ulipoipa Thüringer Rostbratwurst ulinzi wa jina mwaka 2003, masharti yaliyoandikwa yalihusu sana kilichomo: nyama, chumvi, pilipili, kisibiti, marjoramu, kitunguu saumu, na urefu usiopungua sentimita 15.

Nami niligundua kwamba mwanzoni mwa jina hilo kuna neno jingine, *Rost*, ambalo ni wavu wa kuchomea. Moto umepewa neno lake peke yake na kutangulizwa mbele. Nilitaka kulifanya jambo hilo kuwa ushahidi wangu wa mwisho, kisha nikajizuia, maana *braten* inaweza pia kuwa kukaanga kwenye mafuta, na hivyo *Rost* ingehitajika hata kama *brat* ingekuwa kitenzi. Ushahidi unaopendeza mno hupaswa kupimwa mara mbili.

Soseji isiyoona moto

Wiki ya pili nilikwenda Nürnberg kumtembelea rafiki yangu aliyeolewa huko. Bratwurst za Nürnberg ni ndogo, zina urefu wa sentimita 7 mpaka 9 na uzito wa gramu 20 mpaka 25, na wenyeji wa huko huwa wako tayari kubishana na watu wa Thüringen juu ya nani alianza. Mama mkwe wa rafiki yangu alipika chakula cha Wafranken, watu wa eneo hilo, kinachoitwa *Blaue Zipfel*. Alichukua bratwurst mbichi, akazitumbukiza katika sufuria yenye maji ya siki, divai nyeupe, vitunguu vingi na viungo, akaziacha ziive polepole bila kuchemka sana. Zilitoka zikiwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na ndiyo asili ya jina hilo, ncha za buluu.

Hazikuguswa na mkaa. Hazikuonja kikaango.

Nilidhani nimepata nilichokuwa nakitafuta. Nilimwambia, huku nimeshika kijiko, kwamba hapa mezani kuna bratwurst ambayo haijachomwa, na kwa hiyo jina lake haliwezi kuwa linataja kuchoma. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa upole: "Ndiyo maana zikiwa sufuriani haziitwi Bratwurst. Tumezipa jina lingine."

Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Jibu lake lilinifundisha zaidi ya kamusi, kwa sababu lilinionyesha kwamba kwake yeye jina na moto vimekwisha kushikana kiasi kwamba soseji ikinyimwa moto inastahili kunyimwa na jina. Ni kweli kwamba alipokwenda kuzinunua aliomba bratwurst, na muuzaji alimfungia zikiwa mbichi. Lakini mtu anayenunua mchele huenda anaufikiria wali tangu yuko dukani, na pengine naye alizisikia hivyo, soseji zinazongoja kuchomwa, ambazo yeye aliamua kuzibadilishia njia.

Basi nikabaki na maana mbili. Moja ina hati na karne nyingi nyuma yake. Nyingine inaishi vinywani mwa watu wanaoitengeneza, wanaoila na kuipenda soseji hiyo.

Chumvi tuliyoisahau

Katika kurudi Erfurt, ndani ya treni, nililigeukia neno la upande wetu. Kwa wiki mbili nilikuwa nimelichambua neno *brat* huku nikiliacha neno *soseji* likipita kama mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Soseji tumeipata kwa Waingereza, Waingereza waliipata kwa Wafaransa wa Normandy, na chanzo chake ni Kilatini, katika neno *salsus*, kilichotiwa chumvi. Jina hilo linataja chumvi inayoizuia nyama isioze. Neno *Wurst* nalo lina historia yake. Wanaisimu wengine hulihusisha na mzizi wa kusokota au kugeuza, na wengine hulihusisha na kuchanganya vitu vikawa kimoja. Kwa hiyo, nilipomwambia Bi Mwalimu "soseji ya kuchoma", nililitafsiri jina linalosema nyama kwa maneno yanayosema chumvi na moto, nami sikusikia lolote kati ya hayo.

Nani kwetu husikia chumvi katika soseji? Ni watu walewale wanaosikia mji wa Hall katika neno hela, yaani karibu hakuna. Hela ilitoka kwa *Heller*, sarafu ndogo ambayo utawala wa Kijerumani uliileta Afrika Mashariki mwaka 1904, na Heller ilipewa jina hilo kwa sababu ilianzia mji wa Hall, ule unaoitwa leo Schwäbisch Hall. Mtu akisema sina hela, hasemi chochote kuhusu mji wa kusini mwa Ujerumani. Anasema hana hela.

Kitabu na vitabu

Bi Mwalimu alinipigia simu alipokwisha kufika Tanga salama. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani, nilimsimulia mkasa wote. Nilimwambia kwamba nilimpa maana isiyo sahihi pale sokoni na kwamba ninamwomba radhi.

Alinyamaza kidogo.

"Kitabu ni neno la lugha gani?" aliniuliza, kwa sauti ileile ambayo naamini wanafunzi wake waliifahamu.

"Kiarabu, Bi Mwalimu."

"Wingi wake kwa Kiarabu?"

"*Kutub*."

"Na wewe ulipokuwa shuleni ulisema vitabu, na mwalimu wako akakutia vyema. Ile *ki* ya kitabu haikuwa ngeli. Ile *k* ni sehemu ya mzizi, Waarabu hawaiondoi. Sisi tuliisikia kama kisu na kiti, tukaitoa, tukaweka *vi*. Basi na tuviombe radhi vitabu?"

Kisha akanikumbusha kwamba shule yenyewe ni *Schule*, na kwamba yeye amefundisha miaka 35 ndani ya neno la Kijerumani.

Nilikaa na jambo hilo mpaka usiku. Wataalamu wana jina la tukio la namna hii. Mwaka 1852 Ernst Förstemann wa Ujerumani aliliita *Volksetymologie*, yaani asili ya neno kama watu wa kawaida wanavyoielewa. Wajerumani wamelifanya mara nyingi. Fuko wanamwita *Maulwurf*, kana kwamba anarusha udongo kwa mdomo, ilhali neno la zamani lilisema anarusha rundo la udongo. Upinde wa mtambo wanauita *Armbrust*, mkono na kifua, ilhali uliingia kwao ukiwa *arcuballista* ya Kilatini. Nasi tumefanya hivyohivyo barabarani: mzunguko wenye kibao cha Kiingereza cha kumwambia dereva abaki kushoto tuliuita kipilefti, na vikawa viwili tukasema vipilefti. Sauti ilikuja ikiwa na umbo ambalo sikio letu lilikuwa na nafasi yake, nalo likaketi hapo.

Ndivyo *brāt* ilivyoketi kwenye nafasi ya *braten*. Nomino ilipoadimika katika mazungumzo ya kila siku, kitenzi kilikuwa kando yake, kinafanana nayo kwa sauti, na soseji yenyewe ilikuwa juu ya wavu inatoa moshi. Sioni namna ambavyo watu wangeweza kuepuka kuviunganisha. Lakini pia siwezi tena kusema kwamba mwenye bucha ni mtu wa kushikilia mambo ya kale, kwa sababu kwake neno halikuadimika kamwe. Alikuwa ameliandaa asubuhi ile kwa mikono yake, na alichonionyesha nyuma ya kioo kilikuwa kazi yake ya siku.

Kilichobaki kunisumbua si nani aliyekuwa sahihi. Kilichonisumbua ni kwamba Bi Mwalimu, asiyejua neno hata moja la Kijerumani, aliuliza swali ambalo jina hilo liliundwa kulijibu, nami niliyekuwa nalijua neno nikampa jibu la swali ambalo hakuliuliza. Yeye alikuwa na sababu nzito ya kuuliza, kwa sababu mlo wake unategemea dini yake. Kama ningeifahamu *brāt*, mdomo wangu ungeanzia kwenye nyama.

Karatasi ya wageni

Ugeni mwingine unatarajiwa kabla ya mwaka kwisha, nami nimeombwa niandike karatasi fupi ya Kiswahili inayoeleza vyakula watakavyovikuta mjini. Mstari wa bratwurst nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Niliandika "soseji ya kuchoma", nikaufuta. Niliandika "soseji ya nyama ya kusaga", nao nikaufuta, kwa sababu mgeni atakayemwona mchomaji na mkaa wake ataniona sikusimama pale. Nilijaribu hata kulivika neno mavazi yetu, *bratiwasti*, lakini jina lisiloeleza kitu halimsaidii mtu mwenye njaa na mashaka.

Jumamosi iliyopita nilirudi Domplatz nikiwa na karatasi mkononi. Mwenye bucha alinikumbuka. Nilimwomba aniambie hatua zote kwa mpangilio, na alizisema huku akizihesabu kwa vidole: kuchagua nyama, kuisaga, kuikoleza, kuijaza katika utumbo, kuifunga. Nilipomuuliza kuhusu kuchoma, alitazama wavu wake, akasema hilo hata mteja anaweza kulifanya nyumbani.

Nilisogea pembeni, nikaandika kwenye ukingo wa meza ya matufaha:

*Bratwurst: nyama ya nguruwe, wakati mwingine pamoja na ya ng'ombe au ndama, iliyosagwa, ikatiwa chumvi, pilipili, kisibiti na marjoramu, ikajazwa katika utumbo. Hapa Erfurt huchomwa juu ya mkaa.*